Utoto uliopotea Maycomb haukuwa wa watoto wa wakili peke yao

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu sisi huitumia methali hii kuwahimiza wazazi wawafunze wana wao adabu, bidii na heshima, tukaishia hapo. Walakini methali yenyewe haikutaja mema peke yake. Mtoto anayelelewa kwa dharau atakua akidharau, na yule aonjeshwaye chuki mezani pamoja na chakula ataizoea kama alivyoizoea chumvi. Sijapata kusoma kitabu kinachoufichua upande huu wa pili wa methali kwa uwazi kuliko riwaya ya Mmarekani Harper Lee, To Kill a Mockingbird, iliyochapishwa mwezi Julai mwaka 1960.

Harper Lee alizaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Monroeville, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, na akafariki katika mji huo huo mwaka 2016. Baba yake alikuwa wakili. Riwaya yake ilimpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1961, ikafanywa filamu mwaka 1962, na kwa miaka zaidi ya 60 imesomwa na wanafunzi katika nchi nyingi. Kwa sababu ya umaarufu huo, wengi hukizungumzia kitabu hiki kana kwamba ni hadithi tamu ya watoto wawili wenye baba mwema. Mimi sikubaliani nao. Nionavyo, ni kitabu kichungu, na uchungu wake mkubwa haupo pale unapooneshwa na wengi.

Kwa faida ya ambaye hajakisoma, hebu nieleze kwa muhtasari. Hadithi inatokea katika mji wa kubuniwa uitwao Maycomb, huko huko Alabama, kati ya mwaka 1933 na 1935, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeporomoka na wakulima maskini wakilipa madeni kwa kuni na mboga. Msimulizi ni Jean Louise Finch, ambaye watu wote humwita Scout, mtoto wa kike anayeanza kisa akikaribia miaka sita na kukimaliza akikaribia tisa. Ana kaka yake, Jem, aliyemzidi kwa miaka minne hivi, na rafiki yao Dill ambaye huja kila kiangazi. Baba yao, Atticus Finch, ni wakili aliyefiwa na mkewe. Nyumba inaendeshwa na mpishi mweusi aitwaye Calpurnia, mwanamke mkali mwenye moyo wa haki.

Sehemu ya kwanza ya riwaya ni michezo ya watoto. Jirani yao, Arthur Radley, ambaye wamemwita Boo, hajaonekana nje ya nyumba kwa miaka mingi, na mji mzima umemtungia visa. Husemwa kwamba hutoka usiku na kula paka na kuchakuro. Watoto wanamwogopa na kumfanyia mzaha, hadi wanapoanza kuokota zawadi ndogo ndogo katika tundu la mti wa mwaloni: peremende, sarafu, saa ya mfukoni na vinyago viwili vilivyochongwa kwa sabuni, vyenye sura zao wenyewe. Mtu waliyeambiwa kuwa ni zimwi alikuwa akiwapenda kimya kimya. Punde si punde, kaka yake Boo analiziba tundu lile kwa saruji. Jem anasimama barazani hadi giza linaingia, na anaporudi ndani, dada yake anatambua kwamba amekuwa akilia.

Hilo ndilo chozi la kwanza la riwaya hii, na ningeomba msomaji alikumbuke. Mtoto halii kwa sababu amenyimwa zawadi. Analia kwa kuwa ameona, kwa mara ya kwanza, mtu mzima akifanya ukatili mdogo bila kukunja uso, kisha akasingizia kuwa mti ulikuwa mgonjwa.

Kisha yanakuja mashtaka. Tom Robinson, kijana mweusi mwenye mke na watoto watatu, anadaiwa kumnajisi Mayella Ewell, binti mweupe wa familia fukara iishiyo karibu na jaa la taka. Atticus anateuliwa kumtetea, naye anaifanya kazi hiyo kwa dhati, jambo linalowaudhi wengi. Ushahidi wa kumwondolea Tom hatia uko wazi kama mchana. Binti alipigwa upande wa kulia wa uso, na hiyo ni dalili ya mpigaji atumiaye mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom ulilemaa tangu utotoni uliponaswa na mtambo wa kuchambulia pamba. Baba wa binti, Bob Ewell, anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto mbele ya mahakama nzima. Fauka ya hayo, hakuna daktari aliyeitwa kumpima msichana.

Kinachomwangamiza Tom ni neno moja. Anapoulizwa kwa nini alikuwa akimsaidia binti huyo kazi za nyumbani bila malipo, anajibu kwamba alimhurumia. Mtu mweusi kumhurumia mtu mweupe! Katika Maycomb huruma huteremka kutoka juu kwenda chini, haipandi. Kuanzia hapo kesi imekwisha, hata kama mawakili wangali wanazungumza.

Anayeamua hatia si jaji bali ni jopo la watu 12 waitwao juri. Hapa kwetu Kenya hatuna utaratibu huo. Enzi za ukoloni ulikuwapo, lakini kwa washtakiwa wa Kizungu peke yao, ilhali kesi ya Mwafrika ilisikizwa na jaji aliyekaa na wazee wa baraza ambao ushauri wao haukumfunga. Huko Alabama watu weusi walikuwa wakizuiwa kukaa katika majopo hayo, na wanawake pia. Kwa hiyo wanaomhukumu Tom ni wanaume weupe watupu, wengi wao wakulima wa kando ya mji. Si majambazi. Ni watu waendao kanisani, wanaolipa madeni yao, wanaomsalimu Atticus njiani kwa jina. Baada ya saa kadhaa wanarudi na kumtia Tom hatiani.

Jem analia tena, safari hii kwa hasira. Alikuwa ameufuata ushahidi hatua kwa hatua, akaamini kwamba watu wazima wanaposikia ukweli huufuata. Imani hiyo ndiyo inayokufa ndani yake. Wahakiki wanaposema kwamba riwaya hii ni ya kupotea kwa unyofu wa utotoni, aghalabu wao hufikiri kuwa mtoto amegundua kuna uovu duniani. Lakini Jem alikwisha kujua kuwa kuna watu kama Bob Ewell. Asilolijua ni kwamba majirani wema wanaweza kukaa pamoja, wakaujua ukweli, na wakauacha.

Rafiki yao Dill analia hata kabla ya hukumu. Kiongozi wa mashtaka alipokuwa akimhoji Tom kwa dharau, akimwita kama mtu amwitavyo mtoto au mbwa, Dill alishindwa kujizuia, ikabidi atolewe nje. Huko nje wanakutana na mzee mweupe, Dolphus Raymond, aliyezaa na mwanamke mweusi na ambaye watu humdhania mlevi. Mzee huyo anawaeleza kwamba Dill analia kwa sababu angali mdogo. Akiongeza miaka kidogo, ataona mambo hayo hayo na hatalia tena.

Nafikiri maneno ya mzee huyo ndiyo kiini cha riwaya. Katika Maycomb, kukua ni kujifunza kutolia. Mtoto huzaliwa na moyo unaoumia aonapo mwenzake akidhalilishwa, na kazi ya mji ni kuufanya moyo huo uote sugu. Chuki basi si ugonjwa unaomwingia mtu kama homa. Ni somo, nalo lina walimu.

Ni akina nani walimu hao? Harper Lee hakuwatafuta pembezoni mwa jamii. Mmoja wao ni mwalimu wa shule, Bi Gates, anayewaeleza wanafunzi wake jinsi Hitler anavyowatesa Wayahudi na jinsi nchi yao ya kidemokrasia isivyokubali kumwonea mtu yeyote. Scout anakumbuka kwamba mwalimu huyo huyo, siku ya hukumu, alisikika akisema ilikuwa kheri watu weusi watiwe adabu. Mtoto anakwenda kwa kaka yake na swali: yawezekanaje mtu kumchukia Hitler kiasi hicho na bado awe mbaya kwa watu wa nyumbani kwake? Jem hana jibu, na anakasirika kwa kuulizwa.

Walimu wengine ni mabibi wa kanisa. Wanakusanyika sebuleni kwa akina Finch kunywa kahawa na kuwaombea Wamruna, kabila la Afrika alilolibuni mwandishi. Wanasikitikia umaskini wao na giza walimo, na kumsifu mmishonari aliyejitolea kuishi nao. Bibi mmoja machozi yanamlengalenga. Muda si mrefu, bibi huyo huyo anaanza kulalamika kuwa mpishi wake mweusi amenuna tangu Tom alipohukumiwa. Msomaji wa Kiafrika hawezi kuupita ukurasa huu bila kutabasamu kwa uchungu, maana hao wanaohurumiwa ng'ambo ya bahari ni sisi. Kumpenda Mwafrika aliye mbali kulikuwa rahisi. Aliyekuwa jikoni, anayechemsha hiyo kahawa, ndiye aliyekuwa mzigo.

Isidhaniwe kwamba mwandishi anauona unyofu wa watoto kuwa ni udhaifu. La hasha! Kabla ya kesi, kundi la wanaume linakwenda usiku gerezani kumtoa Tom ili wamuue. Atticus ameketi mlangoni peke yake. Scout anachomoka gizani, anamtambua mmoja wa wanaume hao, Bwana Cunningham, na kwa kutojua hatari iliyopo anaanza kumsalimu na kumuulizia mwanawe ambaye anasoma naye. Mwanamume yule anainamisha kichwa, kisha anawaambia wenzake waondoke. Kundi la wauaji limegeuka tena kuwa akina baba. Usiku huo mtoto amefanya kile ambacho sheria haikuweza.

Hadi hapa, msomaji mpenzi, nimezungumza kama wanavyozungumza wengi. Watoto waliolia ni Jem na Dill. Mtoto anayesimulia ni Scout. Wote watatu ni weupe. Ndipo ninapouliza: na watoto wa Tom Robinson je?

Wamo kitabuni, lakini ni lazima uwatafute. Wakati mabibi wale wangali sebuleni, Atticus anaingia ghafla na habari kwamba Tom amepigwa risasi na walinzi alipojaribu kutoroka gerezani. Risasi 17. Anamchukua Calpurnia waende kumwarifu mkewe, Helen. Yaliyotokea huko tunayapata kwa masimulizi ya Dill, aliyekuwa garini. Watoto walikuwa uani wakicheza gololi. Msichana mdogo alitokeza mlangoni akitabasamu, asiweze kuteremka ngazi, na Atticus akampa kidole chake akishike. Kisha Helen akamwona wakili usoni, akaanguka chini kabla hajaambiwa neno.

Hatuambiwi kilichofuata kwa watoto wale. Hatujui nani aliwaeleza, wala kama yule mdogo aliendelea kutabasamu. Riwaya inarudi kwa akina Finch. Jem atahuzunika, lakini atalala kwake, baba yake akiwa hai chumba cha pili. Mchezo wa gololi ule uani ndio utoto uliokatizwa kwa risasi, na haukupewa hata sura moja.

Tazama pia mwana wa Calpurnia, Zeebo, dereva wa lori la taka. Alipokuwa mdogo hakukuwa na shule ya kumfaa. Mama yake alimfunza kusoma kwa Biblia na kitabu kikuukuu cha sheria. Kanisani kwao ni watu wanne tu wajuao kusoma, kwa hivyo Zeebo husoma mstari mmoja mmoja wa wimbo na waumini wote humfuatia. Scout anapoliona jambo hilo anashangaa kama mtalii. Kwa Zeebo halikuwa la kushangaza, ndiyo maisha. Mtoto mweusi wa Maycomb hakungoja kesi ya Tom ndipo aujue ulimwengu. Angechelewa kuujua, angeuawa.

Wala hili si la kubuniwa. Mnamo Machi 1931, Harper Lee akiwa bado hajatimiza miaka mitano, vijana tisa weusi waliteremshwa kutoka garimoshi la mizigo huko huko Alabama, wakashtakiwa kuwanajisi wanawake wawili weupe. Hao ndio walioitwa vijana wa Scottsboro. Wadogo kabisa miongoni mwao hawakuwa wametimiza miaka 14. Katika muda wa siku chache wanane kati yao walihukumiwa kifo. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha hukumu kwa kuwa hawakupewa mawakili ipasavyo. Mwaka 1933 mmoja wa wanawake wale, Ruby Bates, alikana mahakamani kwamba waliwahi kunajisiwa, na bado juri likamtia hatiani mshtakiwa. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu iliamua tena, safari hii kwa sababu watu weusi waliondolewa makusudi katika orodha za juri. Wa mwisho kutoka gerezani alitoka mwaka 1950. Msamaha wa mwisho ulitolewa mwaka 2013, wote tisa wakiwa wamekwisha kufa.

Na mwaka 1955, miaka mitano kabla riwaya haijatoka, Emmett Till, mvulana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, alikwenda Mississippi kuwatembelea jamaa zake. Alidaiwa kumkosea heshima mwanamke mweupe dukani. Alichukuliwa usiku, akapigwa, akauawa, akatupwa mtoni. Wanaume wawili walioshtakiwa waliachiliwa na juri la watu weupe watupu lililotumia muda wa saa moja hivi kuamua, na mwaka uliofuata wakakiri katika gazeti kwamba wao ndio waliomuua. Till alikuwa karibu rika moja na Jem Finch. Jem alipoteza imani yake kwa juri. Mwenzake alipoteza uhai.

Je, nasema basi kitabu hiki kitupwe? Hasha. Wapo waliojaribu kukitupa kwa sababu mbalimbali. Mwaka 1966 bodi ya shule katika wilaya ya Hanover, Virginia, ilikiona kuwa kinyume cha maadili. Mwaka 2017 kiliondolewa katika masomo ya darasa la nane huko Biloxi, Mississippi, baada ya malalamiko kuhusu lugha yake, kwani tusi wanaloitwa watu weusi limejaa kurasani. Naelewa uchungu wa mwanafunzi mweusi anayelisikia tusi hilo likisomwa kwa sauti darasani, na mwalimu anayelipita bila kusema neno ana lawama. Lakini kuficha kitabu ni kuziba tundu la mti kwa saruji. Dawa ni kukisoma kwa macho mawili: jicho moja kwa watoto waliopewa kusimulia, la pili kwa wale waliobaki uani.

Aidha tusiigeuze riwaya hii kuwa sala ya kumsifu Atticus. Mwaka 2015 kilichapishwa kitabu kingine cha Harper Lee, Go Set a Watchman, alichokiandika kabla ya hiki. Humo Scout ni mwanamke wa miaka 26, anarudi nyumbani kutoka New York na kumkuta baba yake katika mkutano wa watu wanaopinga haki sawa kwa weusi. Wasomaji wengi walihisi wamesalitiwa. Mimi naona kitabu hicho kilituonya jambo lililokuwapo tangu mwanzo. Mtu mwema mmoja anaweza kumtetea mshtakiwa kwa ufasaha wote na bado mji ukabaki ulivyo, ikiwa hata yeye hajauliza kwa nini watu weusi wanaketi roshani na weupe chini. Scout na Jem waliketi roshani siku ya kesi kwa kukosa nafasi, wakafanyiwa heshima na Mchungaji Sykes. Waliowazunguka hawakuwa na mahali pengine pa kuketi.

Jina la riwaya linatokana na ndege mwimbaji asiyemdhuru yeyote, ambaye kumuua huhesabiwa kuwa dhambi. Wengi humfananisha na Tom, na wengine na Boo. Hata hivyo Tom hakustahili kuishi kwa sababu alikuwa mpole na mwenye kuimba vizuri. Alistahili kuishi kwa kuwa alikuwa mtu asiye na hatia, mwenye mke na watoto watatu, na sheria ilimdai haki hiyo hata kama angalikuwa mkali au mwenye kiburi.

Kwa hivyo, wewe mwalimu unayekifundisha kitabu hiki na wewe mzazi unayekinunulia nyumba yako, usikomee kumuuliza mtoto Jem alijifunza nini. Muulize pia yule msichana aliyeshika kidole cha wakili aliitwa nani. Ataipekua sura ile na hatalipata jina. Mwache autafakari ukimya huo, kisha mzungumze.